Rangi Katika Chupa ya Jirani

3 Machi, Jumatatu

Muhula umeanza na mvua, na mvua imeanza na paa la bweni letu. Ndoo iko katikati ya chumba. Mwenzangu wa chumbani anasoma sheria, kwa hiyo kila kitu kwake ni kikao. Ndoo ameshaipa uenyekiti.

Desimali, mhadhiri wetu wa maabara, ametukaribisha mwaka wa pili wa kemia kwa lile tabasamu lake la mwaka mara moja. Jina tulimpa sisi. Ukimwandikia 21.4 badala ya 21.40 anakukata alama na bado anakula chakula chake vizuri. Ametangaza kwamba kuanzia mwaka huu mtihani wa maabara ni wa mtu mmoja mmoja, na hauna marudio. Ukianguka, kemia basi. Utatafutiwa kozi nyingine au utarudi kwenu. Nikaitikia kwa kichwa kama wenzangu. Tangu sekondari sijawahi kufanya jaribio peke yangu hadi mwisho. Tulikuwa kikundi, wengine wakishika vyombo, mimi nikishika kalamu.

6 Machi, Alhamisi

Tumepangwa wawili wawili kwa namba za usajili. Nimepewa msichana anayeongea kama redio iliyokatika kitufe cha kuzimia. Neno lake la kwanza: "Meza ni yetu sote, jirani, ila upande wa dirisha ni wangu." Basi nimembatiza Jirani.

Kazi yenyewe haina ugumu wa kuelezea. Asidi iko chini, kwenye chupa ya koni, pamoja na matone mawili ya kiashiria, dawa ya kubadili rangi. Alkali iko juu, kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama ubavuni na koki chini. Unafungua koki, alkali inadondoka, unatikisa chupa. Maji yakigeuka waridi hafifu na yasirudi tena, unafunga na kusoma namba. "Nataka waridi ya mtu aliyeona haya," alisema Desimali, "si ya mtu aliyekasirika."

Nikafungua, nikatikisa, nikasubiri. Maji yalibaki maji. Nikaendelea kusubiri hadi Jirani aliponidaka mkono.

"We, unatengeneza juisi?"

Nikaangalia chupa. Ilikuwa na kitu kama kivuli, basi. Nilisema nimepitiwa.

Mara ya pili aliegemeza viwiko mezani, akakodolea chupa yangu, akasema, "Sasa." Nikafunga. Desimali alipopita alitazama chupa, akatazama namba, akaenda zake bila neno. Kwa Desimali hiyo ni sifa.

7 Machi, Ijumaa

Nimesoma kutwa. Kwenye vitabu niko salama, wino ni mweusi na karatasi ni nyeupe.

13 Machi, Alhamisi

Leo nilijaribu bila Jirani, alipokwenda kuchukua maji yaliyokenekwa, yale safi ya maabara. Nilitazama chupa ya koni juu ya kigae cheupe mpaka macho yakatoa machozi. Kila tone lilifanana na lililotangulia. Aliporudi alisimama nyuma yangu, akakodolea chupa. Halafu akasema, taratibu, "Jirani, imeshapita zamani."

Nikajitetea kwa wingu. Kweli mvua ilikuwa inanyesha na umeme umekatika, kila mtu alikuwa analalamikia mwanga. Lakini wenzangu wote walimaliza, nami nikamaliza kwa "sasa" ya Jirani.

16 Machi, Jumapili

Nimempigia mama. Nilizunguka kidogo, nikamuuliza habari za nyumbani, kisha nikachomoa swali.

"Mama, mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nachanganya rangi?"

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Najiuliza mwenyewe."

Akavuta pumzi. "Wewe umemfuata mjomba wako. Yeye naye yuko hivyo hivyo. Mambo hayo yanapitia kwetu wanawake, tunawapa watoto wa kiume, sisi wenyewe tunaona vizuri tu."

Mjomba ninamjua kama mtu ambaye mashati yake yamechekwa kwenye kila harusi ya ukoo. Nilidhani ni ukaidi. Mama akanieleza nisilolijua: ujanani mjomba alichaguliwa chuo cha umeme, na siku ya kwanza akasema mwenyewe, kwa uaminifu wake, kwamba nyaya nyekundu na za kijani hazitofautishi. Walimshukuru kwa ukweli wake wakamwonyesha geti.

"Usimwambie mtu, mwanangu," mama alisema. "Ukisema tu, umejifungia mlango mwenyewe. Umebakiza miaka miwili. Jikaze."

Nimejikaza. Lakini kitu hicho chenyewe, upofu wa rangi, sasa ninakijua, na kukijua kumenifanya niogope zaidi.

20 Machi, Alhamisi

Jirani alisema "sasa" mara tatu. Tumepata alama nzuri kuliko meza zote. Wenzetu wanatuonea kijicho.

27 Machi, Alhamisi

Anajua.

Tulikuwa tunaosha vyombo. Akaniuliza, bila kuniangalia, kiashiria cha leo kilibadilika kutoka rangi gani kwenda rangi gani. Nikamjibu kama kitabu kinavyosema. Akasema, "Leo tulibadilishiwa kiashiria, jirani. Hicho ulichosema ni cha wiki iliyopita."

Nilitamani kuingia kwenye sinki. Nikamwomba asimwambie mtu, na nikamweleza habari za mjomba, sijui kwa nini. Alisikiliza huku akisuuza chupa ileile.

"Mimi nina macho, wewe una hesabu," alisema mwishowe. "Hesabu zangu zenyewe unazijua. Shida iko wapi?"

Nilimfikiria vibaya huyu dada. Kelele zake zote ni za juujuu. Ndani ni mtu mtulivu.

3 Aprili, Alhamisi

Mvua. "Sasa," "sasa," "sasa." Mambo shwari.

10 Aprili, Alhamisi

Desimali ametangaza kwamba atakayeongoza mtihani wa maabara atachukuliwa likizo nzima kwenye chumba cha utafiti, kufanya kazi na yeye. Baadaye, tukitembea chini ya mwavuli wa Jirani, aliniambia kwamba hicho ndicho alichokuja kukitafuta chuoni, si cheti. Anataka kujua inakuwaje kufanya jaribio ambalo hakuna mtu duniani anayejua jibu lake. Alilisema kwa aibu, kama anayetaja jina la mchumba.

Nilimwambia atakipata. Moyoni nikajiuliza siku ya mtihani mimi nitasomewa na nani. Nimejichukia kwa wazo hilo lakini limeng'ang'ania.

14 Aprili, Jumatatu

Mchana, kwenye foleni ya chakula, mvulana mmoja wa darasa letu aliinua sahani yake ya plastiki akaniuliza, mbele ya watu, "Eti hii rangi gani?" Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega.

Damu ilinipanda. Nilikwenda moja kwa moja maktaba, nikamkuta Jirani, nikamwambia kwamba nilimwamini naye amenianika. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mimi?"

"Nani mwingine anajua?"

Akakusanya vitabu vyake kimoja kimoja. "Alhamisi ujisomee mwenyewe," akasema, akaondoka.

15 Aprili, Jumanne

Ni mwenzangu wa chumbani. Nilimweleza mimi mwenyewe wiki iliyopita, kwa siri, jana hasira ikanisahaulisha, na yeye akaifanya mzaha kwenye meza ya chakula bila ubaya wowote, anavyodai. "Nilikuwa natoa mfano tu," amesema. Nimemwambia mfano mwingine autoe kwa ndoo.

Nimemtafuta Jirani kutwa nzima. Ameingia mitini.

17 Aprili, Alhamisi

Alikuja, akafanya kazi upande wake wa dirisha, hakufungua mdomo. Ukimya wake ulinitesa kuliko kelele zote za Machi.

Nilipata 19.80, kisha 24.35, kisha 22.10. Asidi ni moja, alkali ni moja, mikono ni yangu. Desimali alisimama mezani akasoma namba hizo kwa sauti, polepole, desimali zote.

"Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza mwezi uliopita?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na leo ni nani?"

Darasa likacheka. Jirani hakucheka. Nilimwona akiinua macho na kuyarudisha chini, na nikajua kwamba peke yangu siwezi. Mtihani ukiwa kesho, kesho nimeanguka.

18 Aprili, Ijumaa

Nimemwomba radhi mlangoni pa bweni la wasichana, watu wakipita na ndoo za nguo. Sikujitetea. Alisema, "Ungeniuliza kwanza." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungeniuliza tu." Nikasema ndiyo tena. Akaingia ndani, na sikujua kama amenisamehe.

24 Aprili, Alhamisi

"Sasa," alisema, kwa sauti ya chini, bila kuniangalia. Nilikaribia kulia.

8 Mei, Alhamisi

Mtihani ni wa mtu mmoja mmoja lakini meza ni zilezile, tutakaa tukitazamana. Wazo ni la Jirani, mimi nililikubali haraka mno. Miwani ya usalama huingia ukungu kila wakati, na kila mtu huivua na kuifuta kwa mkono wa koti lake jeupe. Chupa yangu ikigeuka, Jirani atafuta miwani yake. Mimi nitafunga koki. Hakuna neno, hakuna kikohozi.

Tumefanya mazoezi leo. Imefanya kazi vizuri sana.

"Na chupa yako utaiangalia saa ngapi?" nilimuuliza.

"Nina macho mawili," akasema.

14 Mei, Jumatano

Mvua imekatika na joto limeingia. Sina hamu ya chakula.

19 Mei, Jumatatu

Mama amepiga. Kaniuliza kama nimesema kwa mtu. Nikasema hapana. "Vizuri," akasema, akakata simu.

22 Mei, Alhamisi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maabara.

Kila mmoja alipewa chupa ndogo ya asidi ambayo ukali wake anaujua Desimali peke yake. Inatosha kwa majaribio manne. Unatakiwa upate namba mbili zinazokubaliana. Madirisha yote yalikuwa wazi, mwanga mzuri, hakuna wingu la kusingizia.

Duru ya kwanza nilifungua koki na kumtazama Jirani. Yeye alikuwa anatazama chupa yangu. Hakupepesa. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatikisa chupa yake, wa kushoto uko kwenye koki, macho yako kwangu. Nikapunguza mwendo, tone, tone, tone. Akavua miwani akaifuta. Nikafunga. 22.65. Nilifurahi, niseme ukweli. Nilifurahi kama mwizi aliyevuka ukuta.

Nikaandika namba, nikainua kichwa, na nikaona rangi.

Muhula mzima sijaiona. Leo niliiona, nzito, imetuama, hata kwa macho haya yangu haikuwa na ubishi. Ilikuwa kwenye chupa yake. Alkali yake ilikuwa imeendelea kudondoka wakati wote aliokuwa akinilinda mimi.

Aliimwaga kwenye sinki na akaanza upya. Nilimkonyeza, nikamwonyesha kwa kidevu: angalia yako. Akatikisa kichwa kidogo na kurudisha macho kwenye chupa yangu. Nikajaribu kwenda taratibu zaidi, nikidhani ninampa nafasi. Kumbe ndivyo nilivyozidi kumfunga, maana kadiri nilivyochelewa ndivyo alivyolazimika kunitazama. Akafuta miwani. Nikafunga. 22.70. Namba zangu mbili zilikuwa zimekubaliana, mtihani wangu umekwisha. Na chupa yake ilikuwa imepita tena, nzito kama ya kwanza.

Alibakiwa na asidi ya majaribio mawili. Yote mawili lazima yaende sawa. Nilimwona akiinua pipeti, ule mrija wa kuvutia asidi. Chumba cha utafiti nilikiona kinamtoka mikononi, na mikono iliyokitoa ilikuwa yangu.

Ningeweza kuketi. Nilikuwa nimeshamaliza. Nafikiri hilo ndilo lililonishinda, kwamba nilikuwa nimemaliza na sikuwa nimefanya chochote.

Nikanyoosha mkono.

"Unataka nini?" Desimali aliuliza kutoka mbele.

"Daktari, namba zangu si zangu. Mimi sioni hiyo waridi. Sijawahi kuiona."

Yule wa sahani ya plastiki alitazama viatu vyake. Desimali alikuja hadi mezani kwetu, akachukua chupa yangu, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii ni rangi gani?"

"Sijui."

"Na muhula mzima ulikuwa unasomaje?"

Jibu la kweli lilikuwa limesimama mbele yangu, limeshika pipeti. La uongo sikuwa nalo. Sikuwa nimefikiria mbele ya kunyoosha mkono. Niliona chupa yake tu, na sasa nilikuwa nimemwingiza kwenye shimo baya kuliko lile nililotaka kumtoa.

"Nilikuwa namwambia mimi," Jirani alisema. "Na leo pia."

Desimali alimtazama, akatazama sinki, akatazama bureti yake iliyopungua kupita kiasi. Nadhani alielewa yote kwa kuisoma ile bureti.

"Wewe, malizia kazi yako," alimwambia. "Macho kwenye chupa yako. Na wewe, toka nje, unisubiri."

Nilipofika mlangoni niligeuka. Jirani alikuwa amempa mgongo kila mtu, ameinama juu ya chupa yake.

23 Mei, Ijumaa

Nilimsalimia Jirani kwenye varanda ya maabara. Alipita kama anayepita nguzo.

25 Mei, Jumapili

Nimemwambia mama. Aliuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema atamwambia mjomba mwenyewe.

Jioni mjomba akapiga. Hatujawahi kuongea kwa simu zaidi ya salamu.

"Wamekuonyesha geti?" aliuliza.

"Bado, mjomba."

"Wakikuonyesha, usitoke upesi kama mimi. Mimi sikuuliza hata swali. Nilichukua begi langu nikawashukuru."

28 Mei, Jumatano

Siku ile Desimali alipotoka aliniambia tu kwamba idara itaniita; hadi leo hakuna jibu. Nimefua nguo zote nilizonazo. Mwenzangu wa chumbani amejitolea kunitetea, nimemwomba asijisumbue.

30 Mei, Ijumaa

Tumeitwa wote wawili ofisini kwa mkuu wa idara. Mkuu alikaa nyuma ya meza, lakini aliyesema ni Desimali.

"Nimepekua kanuni zote," alisema. "Hakuna inayosema mkemia lazima aone waridi. Ipo inayosema matokeo yawe yako. Majaribio yako yote manane ya muhula yamefutwa, na mtihani. Utayarudia likizo, peke yako, kwa mita ya pH. Kisha utafanya mtihani. Ukianguka hapo, umeanguka kama watu wengine."

Mita hiyo unaichovya kwenye chupa, nayo inakupa ukali wa asidi kwa namba, tone kwa tone. Unachora mstari kwenye karatasi. Mahali mstari unaporuka juu, hapo ndipo mwisho. Haihitaji rangi yoyote. Nilimuuliza Desimali kilikuwa wapi kifaa hicho.

"Kabatini, nyuma ya meza yenu," akasema. "Ungeomba."

Halafu akamgeukia Jirani. Namba zake mbili za mwisho zilikubaliana, na zilikuwa karibu na kweli kuliko za darasa zima. Angekuwa wa kwanza. Lakini kwa kumsaidia mwingine mtihanini amekatwa alama hadi kiwango cha kupita tu, na nafasi ya utafiti imekwenda kwa aliyemfuata. Jirani alisema, "Asante, Daktari." Sauti haikutikisika. Tulipotoka nilimwita, naye akatembea mbele yangu hadi kona, kisha akaanza kukimbia, begi likimpigapiga mgongoni.

Mimi nimebaki kemia. Nilidhani siku nikiambiwa hivyo nitaruka. Nimeketi kitandani na viatu miguuni.

9 Juni, Jumatatu

Chuo kimekuwa kitupu. Fundi wa maabara amenitengenezea asidi na alkali kwa vipimo vilevile vya Machi, na leo nimemaliza jaribio la tatu. Mstari ulipanda kidogo, ukapanda kidogo, kisha ukaruka, nami nikajua nimefika bila kumtazama mtu usoni.

Mchana mlango ulisukumwa. Jirani, na sanduku lake la safari. Alisema amekuja kurudisha koti la maabara. Alilikunja mara mbili, akaliweka, hakuondoka.

"Nilitaka kukwambia—" nilianza.

"Usiniombe radhi tena. Umeniomba kila siku kwa ujumbe wa simu, nimechoka kusoma." Akasogea, akainamia karatasi yangu. "Mita inasemaje?"

Nikamwonyesha namba mpya na zile za zamani alizonisomea yeye. Nilikuwa nimeshaziona asubuhi na nilitarajia hatauliza. Za mita zilikuwa chini kidogo. Jaribio la kwanza, tone moja. La pili, tone moja. La tatu, tone moja.

Alizisoma kwa kidole, akarudia.

"Nilikuwa nakuchelewesha," akasema. "Majaribio yote."

"Ni tone tu. Hata Desimali hakulikata."

"Yangu hayakuwa hivyo. Yangu nilikuwa nafunga mara nikiona." Alikuwa anazungumza na karatasi, si na mimi. "Yako nilikuwa naiona, halafu naongeza tone moja niwe na hakika. Niliogopa kukukosesha."

Alibeba sanduku lake, nikamsindikiza hadi chini ya ngazi, akaniambia nirudi, mita isije ikapoa. Niliporudi nilisuuza bureti, nikaijaza hadi kwenye sifuri. Yamebaki majaribio matano.